Wachina wa Kale juu ya Kike na Kiume, Pamoja na Habari za Nachituti wa Mweru

Alama ile ya duara yenye nusu nyeusi na nusu nyeupe imekwisha kuwa ya kawaida kwetu. Wavulana wengi huichora juu ya majalada ya madaftari yao. Ukimwuliza mchoraji maana yake, atakujibu upesi kwamba nyeupe ni mwanamume na nyeusi ni mwanamke. Nyeupe iko juu na nyeusi iko chini. Na kwamba Wachina waliliamua jambo hilo tangu zamani sana. Katika jibu hilo mna ukweli kidogo na makosa mengi. Tena makosa hayo yana hasara, maana mtu akiambiwa ya kuwa hata wenye hekima wa nchi za mbali walimweka mwanamke chini, hujiona amepata shahidi, naye atamtumia shahidi huyo nyumbani kwake na barazani kwa wazee. Basi yafaa tumwite shahidi mwenyewe tumhoji.

Shahidi ni falsafa ya Tao. Tao (wengine huandika Dao) kwa Kichina ni njia. Nayo si njia ya miguu tu, bali ni jinsi ulimwengu uendavyo wenyewe bila kusukumwa na mtu. Kitabu chake cha kwanza huitwa Daodejing, kitabu kidogo chenye sura 81 na maneno yapata 5,000 tu, hata waweza kukisoma chote kati ya chakula cha mchana na magharibi, ingawa kukielewa ni kazi nyingine. Mwandishi wake atajwa kuwa Laozi, yaani Bwana Mzee. Habari zake ni chache mno. Sima Qian, aliyeandika historia ya Wachina yapata mwaka 100 kabla ya Kristo, yeye mwenyewe alisitasita juu ya mtu huyu alikuwa nani hasa. Lakini kitabu ni cha kale bila shaka. Mwaka 1973 mahali paitwapo Mawangdui palifukuliwa kaburi lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo, nalo lilikuwa na nakala mbili zake zilizoandikwa juu ya hariri. Mwaka 1993 huko Guodian zilipatikana sehemu zake juu ya vipande vya mianzi, nazo ni za yapata mwaka 300 kabla ya Kristo. Lile duara jeusi na jeupe halimo katika nakala hizo zote. Lilichorwa zaidi ya miaka elfu moja baadaye.

Sasa tuyaangalie yale maneno mawili, yin na yang. Hapo mwanzo hayakuwa habari za wanawake na wanaume hata kidogo. Yin ni upande wa kilima wenye kivuli. Yang ni upande upigwao na jua. Sisi tukaao Nchelenge twaweza kulielewa jambo hili kuliko watu wengi, kwa kuwa kwetu jua hutoka nchi kavu, likatua ziwani upande wa Kongo. Asubuhi mti ulio ufukoni hutupa kivuli chake majini. Jioni kivuli kile kile kimegeuka, chaelekea barabarani. Mti haukuhama, wala hapana upande wa mti ulioumbwa uwe wa kivuli siku zote. Ndivyo Wachina wa kwanza walivyoyatumia maneno hayo: ni hali mbili zinazopokezana. Katika kitabu chote cha Laozi yin na yang hutajwa mahali pamoja tu, katika sura ya 42, na hapo asema ya kwamba kila kitu kilicho hai kina yote mawili ndani yake. Basi mwanamume ana yin yake, na mwanamke ana yang yake, na anayetaka kuyagawa maneno haya kama watu wagawavyo viti vya kanisani, wanaume huku na wanawake huku, hana msaada katika kitabu hiki.

Hapa naomba niweke neno moja la pembeni juu ya lugha. Kiswahili chetu husema "yeye", wala hakiulizi kama ni wa kike au wa kiume. Kibemba ni hivyo hivyo. Na Kichina cha kale ni hivyo hivyo: mwenye hekima atajwaye na Laozi katika sura nyingi ni mwenye hekima tu. Wachina hawakuwa na herufi maalum ya "yeye" wa kike mpaka miaka ya 1910 na 1920, wakati mwandishi Liu Bannong na wenzake walipoieneza kwa kufuata lugha za Ulaya. Waingereza walipokifasiri kitabu cha Laozi ilibidi wachague, nao wakachagua wa kiume. Hivyo msomaji wa Kiingereza humwona mzee mwenye ndevu katika kila sura. Siku mtu wa hapa kwetu atakapokaa kukifasiri kwa Kiswahili moja kwa moja kutoka Kichina, taabu hiyo haitampata.

Turudi kwenye jambo lenyewe. Kama yin na yang zatajwa mara moja tu, Laozi alisema nini juu ya kike na kiume? Alisema mengi, lakini kwa mifano. Chanzo cha vitu vyote akakiita mama. Nguvu isiyokwisha akaifananisha na bonde, na tena na jike. Akasifu maji kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu maji huwafaa wote na hayagombani na mtu, nayo hukaa mahali pa chini ambapo watu hawapapendi. Bahari, asema katika sura ya 66, ni mfalme wa mito yote kwa sababu moja tu, iko chini kuliko mito.

Wenye kuishi milimani huenda wakahitaji kueleza maneno haya kwa marefu. Sisi tunayo Mweru mbele yetu. Mto Luapula waja kutoka Bangweulu, ukapita maporomoko ya Mambilima kwa kishindo. Kalungwishi nao washuka toka mashariki kwa makelele makubwa zaidi, ukianguka Lumangwe na Kabwelume na Kundabwika, na mgeni akisimama Lumangwe hawezi kumsikia mwenzake asemaye kando yake. Yote hiyo yaishia wapi? Yaishia katika ziwa lililotulia, ambalo kina chake ni kidogo, mahali pengi kisichozidi mita kumi. Ziwa halikuufuata mto hata mmoja. Limekaa chini, na mito imekuja. Kisha kwa kaskazini, huko Pweto, maji yanatoka tena kwa jina la Luvua, yaenda Lualaba na Kongo mpaka baharini. Laozi angalikaa siku moja ufukoni petu, nadhani angaliandika sura ya 82.

Sasa swali kubwa: alikuwa akisema na nani? Hapo ndipo wasomaji wengi huteleza. Kitabu hiki kiliandikwa wakati wa vita vingi. Wanahistoria huuita Wakati wa Falme Zipiganazo, tangu mwaka 475 mpaka 221 kabla ya Kristo, na falme hizo zilikuwa zikimezana kama samaki. Waliohitaji shauri walikuwa wafalme, mawaziri na majemadari, watu wenye panga tayari mikononi. Kwao ndiko Laozi aliyapeleka maneno yake ya unyenyekevu. Katika sura ya 28 amshauri mtu ambaye nguvu za kiume anazijua na anazo, asizitegemee, bali akae katika tabia ya kike kama korongo la nchi. Katika sura ya 61 auambia ufalme mkubwa ujishushe mbele ya ufalme mdogo, na mfano autoao ni wa jike ambaye kwa utulivu wake humshinda dume. Ni shauri la kumshusha aliye juu. Hapana mahali katika sura zote 81 ambapo Laozi amwambia mwanamke anyamaze, au ajishushe, au amtii mumewe. Aliye chini tayari hakuhitaji kuambiwa akae chini.

Lakini tumtendee shahidi haki pande zote mbili. Kitabu hiki chasifu bonde, jike na mama, wala hakimpi mwanamke hata mmoja jina wala nafasi ya kusema. Sifa za kike zatolewa kama dawa ya kumponya mfalme ugonjwa wa ukali, na daktari na mgonjwa wote, kwa kadiri tuonavyo, ni wanaume. Mimi naona upungufu huu ni mkubwa, na baadaye ulileta madhara.

Madhara hayo yalikuja hivi. Katika karne ya pili kabla ya Kristo, mwanachuoni Dong Zhongshu, ambaye alikuwa mfuasi wa Confucius wala si wa Tao, aliyachukua maneno yin na yang akayapanga kama ngazi: yang ikawa bora na juu, yin ikawa duni na chini, mume yang, mke yin, mfalme yang, raia yin. Kivuli cha mti kikapigiliwa misumari. Laini, ambalo kwa Laozi lilikuwa neno la kumtuliza mwenye upanga, sasa likawa amri juu ya mke.

Na ajabu ni kwamba aliyeiandika amri hiyo kwa ufasaha kupita wengi alikuwa mwanamke, tena mmoja wa wanawake wasomi wakubwa wa dunia ya kale. Jina lake Ban Zhao, aliyezaliwa yapata mwaka 45 baada ya Kristo akafa yapata mwaka 116. Kaka yake Ban Gu alikuwa akiandika historia ya ukoo wa kifalme wa Han, akafa kazi haijakwisha, na dada mtu ndiye aliyeimaliza kwa amri ya mfalme. Ban Zhao aliandika pia kitabu kidogo cha mafundisho kwa wasichana. Humo asema ya kuwa sifa ya yang ni ugumu na sifa ya yin ni ulaini, kwa hiyo mke na awe mpole na mnyenyekevu. Waliomfuata wakalishika neno hilo kwa karne nyingi. Lakini katika kitabu hicho hicho alisema jambo jingine ambalo walilipitia haraka. Aliwalaumu mabwana wa siku zake kwa kuwasomesha wavulana na kuwaacha wasichana, akauliza kwa nini msichana naye asianze kusoma afikapo miaka minane kama ndugu yake. Nasi tusiwacheke Wachina kwa kulichelewesha shauri hilo. Hapa Zambia ilikuwa mwaka 1997 ndipo serikali ilipotoa agizo kwamba msichana aliyepata mtoto apewe nafasi ya kurudi shuleni, na mpaka leo wako wazee, na hata wanafunzi wenzake, wanaomwona mwenye kurudi kama mtu aliyepotea njia.

Na Watao wenyewe walifanya nini kwa vitendo? Mwaka 142 baada ya Kristo, katika nchi ya Sichuan, Zhang Daoling alianzisha dini ya Tao yenye mikutano na viongozi, na katika madaraja ya viongozi hao wanawake walikubaliwa. Mmoja wao, Wei Huacun, aliyeishi toka 252 mpaka 334, alikuwa mke na mama wa watoto wawili, na shule moja kubwa ya Tao iitwayo Shangqing humhesabu kuwa mkuu wake wa kwanza. Mwaka 711 binti wawili wa mfalme waliingia katika utumishi wa Tao kwa sherehe kubwa. Kwa mwanamke wa China ya kale, ambaye vinginevyo angeozwa tu, hekalu la Tao lilikuwa mlango wa pili wa nyumba.

Mlango huo haukuwa wa bure. Katika karne ya 12 aliishi Sun Bu'er, mama wa wana watatu, ambaye yeye na mumewe Ma Danyang walifuata mwalimu mmoja, naye ndiye mwanamke peke yake katika wale saba wahesabiwao kuwa wanafunzi wakuu wa shule ya Quanzhen. Hadithi husema ya kuwa alipotaka kusafiri peke yake kwenda Luoyang kukaa katika ibada, alijimwagia mafuta ya moto usoni auharibu uzuri wake, ili wanaume wasimsumbue njiani. Huenda ni hadithi tu. Hata hivyo waliosimulia hawakuona ajabu kwamba mwanamke achome uso wake apate kuitembea ile Njia ambayo mwalimu wake wa kwanza aliiita mama.

Sasa tuvuke tuje kwetu, maana haifai kumpima jirani kwa kipimo tusichokitumia nyumbani. Ufuko huu una hadithi yake ya mwanamke na maji, nayo kila mtoto wa bonde la Luapula ameisikia kwa namna moja ama nyingine. Ni hadithi ya Nachituti.

Hapo kale, kabla Walunda wa Mwata Kazembe hawajapata nguvu zote hapa, nchi na maji yalikuwa ya Washila, wavuvi, na mkuu wao aliitwa Nkuba. Nkuba alikuwa na dada, Nachituti. Nkuba akamwua mwana wa dada yake. Wasimulizi wengi husema ya kuwa aliitwaa ngozi ya kijana yule, ikafichwa chini ya mkeka, na dada mtu akakaribishwa kukaa juu yake bila kujua. Alipotambua alichokuwa amekikalia, hakupiga kelele barazani. Aliondoka akaenda kwa Mwata Kazembe kuomba alipiziwe kisasi. Walunda wakaenda, Nkuba akauawa. Ndipo Nachituti alipomletea Mwata kapu la udongo na chungu cha maji. Udongo maana yake nchi. Maji maana yake ziwa, mito na vidimbwi vyote vya samaki. Kwa zawadi hiyo Walunda husema mpaka leo ya kuwa nchi na maji ni ya Mwata.

Hadithi hii imeandikwa mara nyingi. Mwata Kazembe wa 14, Chinyanta Nankula, aliziandika habari za kale za watu wake kwa Kibemba katika kitabu *Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi*. Mwingereza Ian Cunnison, aliyekaa katika bonde hili mwishoni mwa miaka ya 1940, alitoa kitabu juu ya watu wa Luapula mwaka 1959. David Gordon, mwanahistoria, alikipa kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya uvuvi wa Mweru jina la zawadi ya Nachituti. Wote waliona ya kuwa hadithi ina uzito wa hati ya nchi.

Nami nataka wanafunzi waitazame tena kwa macho ya jambo letu. Kwanza, kosa la Nkuba. Kwa watu wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama, mwana wa dada ndiye mrithi. Nkuba hakumwua kijana wa mtu mwingine. Alikata mti alioukalia. Ukoo wapita kwa dada kama maji yapitavyo bondeni, na kaka mwenye kiti, hata awe na mikuki mingapi, hana njia nyingine ya kuendelea ila kwa dada yule. Huo ndio upande ambao Laozi aliuita wa kike: hauonekani una nguvu, na ukikauka hapana kitu kitakachobaki. Pili, ile zawadi. Ni nani aliyekuwa na haki ya kutoa nchi na maji? Hadithi haisemi kwamba Mwata aliiteka nchi kwa upanga, ingawa upanga ulikuwapo. Yasema alipewa, na aliyempa ni mwanamke. Walunda wenyewe, mashujaa wa vita, ambao kiti chao cha Mwata hufuata upande wa baba, waliona upanga hautoshi kuwa hati; walihitaji chungu kile.

Lakini hapo hapo, ndugu zangu, tuangalie chungu kimekwenda wapi. Kilitoka mkononi mwa mwanamke kikaingia mkononi mwa mwanamume, na baada ya hapo Nachituti katika masimulizi mengi hana neno tena. Ni kama Laozi: bonde limesifiwa, mfalme amefaidika. Basi China na Mweru zilifika mahali pamoja bila kujuana. Wote walijua ya kuwa uhai na haki ya nchi hutoka upande ule wa chini na wa kike, na wote walipomaliza kusema hivyo wakamkabidhi mwanamume.

Hata hivyo hadithi si maisha yote. Katika miaka ya 1970 bibi mmoja mtaalamu, Karla Poewe, alikaa Luapula akichunguza jinsi wanaume na wanawake wa hapa wanavyoishi pamoja, akatoa kitabu mwaka 1981. Alilolisema lafaa kuwekwa kando ya yin na yang. Alisema wanaume na wanawake wa bonde hili walikuwa kama njia mbili ziendazo sambamba: kila mmoja na kazi yake, mali yake na heshima yake kwa kupitia umukowa, yaani ukoo wa mama, wala mmoja hakuwa ngazi ya mwenzake. Mke alilima shamba alilolipata kwa haki ya ndugu zake, akatumia apendavyo alichokipata. Tena aliona ya kuwa hali hiyo ilikuwa ikibadilika. Wanaume waliopata fedha kwa uvuvi na biashara walitaka mali iwaendee watoto wao wa kuzaa kuliko wapwa, na baadhi ya makanisa yaliwaunga mkono.

Mwenye kutaka kuona njia hizo mbili zikienda leo, na aangalie chisense. Usiku taa huwaka ziwani kama mji mwingine. Wanaume wako mitumbwini na nyavu zao, wakiwavuta samaki wadogo kwa mwanga. Alfajiri mzigo ukifika ufukoni, wanawake wengi ndio waununuao, wauanikao mchangani, waufungao katika magunia na kuusafirisha mpaka miji ya Copperbelt. Tangu samaki wakubwa walipopungua, samaki huyu mdogo kuliko wote ndiye aliyewapa wanawake wengi fedha zao wenyewe. Nafikiri Laozi angalifurahi sana kusikia hayo.

Jambo ambalo halina furaha ni kifo cha mume. Hapo zile njia sambamba hugongana. Zamani ndugu wa upande wa mama wa marehemu walikuja wakachukua vitu, kwa kuwa kwa hesabu ya umukowa mke na watoto ni wa ukoo mwingine, nao walikuwa na ndugu zao wa kuwapokea. Desturi ilikuwa na mantiki yake wakati mke alipokuwa na shamba lake kwao. Haina mantiki tena pale ambapo mke na mume wamejenga pamoja nyumba ya matofali Kashikishi kwa fedha za samaki za wote wawili. Kwa ajili hiyo Bunge la Zambia lilipitisha sheria ya urithi mwaka 1989: mtu akifa bila wosia, nusu ya mali ni ya watoto, asilimia 20 ni ya mke au mume aliyebaki, asilimia 20 ni ya wazazi, na asilimia 10 ni ya watu wengine waliokuwa wakimtegemea, nayo nyumba ni ya watoto pamoja na mke au mume aliyebaki. Kila mwanafunzi yafaa aijue sheria hii kwa kichwa kabla hajaihitaji. Lakini ajue na hili pia, kwamba sheria yenyewe yasema haiihusu ardhi inayomilikiwa kwa desturi, na sehemu kubwa ya ardhi ya ufuko huu ni ya namna hiyo. Kapu la udongo la Nachituti halimo katika hesabu ile. Mjane atapewa sehemu yake ya sufuria na baiskeli na fedha. Juu ya kiwanja ambacho mguu wa nyumba umesimama, bado ataongea na wazee.

Nimalize kwa mwalimu wa pili wa Tao, Zhuangzi, aliyeishi katika karne ya nne kabla ya Kristo, ambaye kwa maoni yangu alikuwa na utani mwingi kuliko Laozi. Katika sura ya 7 ya kitabu chake yumo mtu aitwaye Liezi, mwanafunzi mwenye bidii aliyedanganywa na mpiga ramli maarufu mpaka akamwona kuwa bora kuliko mwalimu wake. Mwalimu akamwambia amlete. Mara nne mpiga ramli akaja kumtazama mwalimu usoni, na kila mara akaona kitu kingine, mwisho akakimbia kwa hofu asionekane tena. Liezi akatambua kwamba hajaanza hata kujifunza. Mtu angetazamia aende mlimani, au ajifungie na vitabu. Hakwenda. Alirudi nyumbani kwake, na kwa miaka mitatu hakutoka. Akampikia mkewe chakula, na nguruwe akawalisha kwa heshima kama alishaye watu. Hayo ndiyo aliyoyafanya mwanamume aliyeielewa Tao. Alishika mwiko.

Nilipowasimulia wazee wawili wa hapa hadithi hii, mmoja alicheka sana, mwingine akauliza kama mtu huyo alikuwa mgonjwa. Zhuangzi haelezi mkewe alisema nini.